Hatua ya sita: jumuiya ndogo ndogo inapovuka kutoka msaada hadi haki

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo huku Malaba, Busia na Tororo, mashariki mwa Uganda, zinajua kusaidia. Mwanajumuiya akifiwa, jioni hiyohiyo wenzake wamefika na kuni, unga na maturubai. Daftari la michango linapita mkono kwa mkono, na zamu za kulala matangani zinapangwa bila kumsubiri paroko. Shida huanza miezi michache baadaye, mashemeji wanapokuja kupima shamba la marehemu na kumwambia mjane arudi kwao. Hapo jumuiya ileile hunyamaza, na ukiuliza utajibiwa kwamba hayo ni mambo ya ukoo.

Sisi tunaofanya kazi ya haki na amani kanisani tunakutana na ukimya huo kila mara, na unatuuma. Watu waliobeba unga wanaweza pia kulinda shamba. Wanaishi jirani, wanaijua mipaka, walikuwepo harusini na mazishini. Hakuna ofisi ya jimbo wala ya serikali yenye ushahidi kama wao.

Nafasi ya kufanya hivyo tayari imo ndani ya sala yetu. Jumuiya nyingi husali kwa utaratibu wa hatua saba ulioenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini: tunamkaribisha Bwana, tunasoma Injili, tunarudia maneno yaliyotugusa, tunakaa kimya, tunashirikishana, halafu inakuja hatua ya sita kabla ya sala za kufunga. Hiyo ya sita ni ya kuulizana: Neno hili linatudai tufanye nini hapa kijijini, nani atafanya, na lini? Kwa kawaida hupewa dakika mbili. Mtu anasema tumtembelee mgonjwa, wote wanaitikia, wimbo unaanza. Najua giza limeingia na watoto wanasinzia. Hata hivyo, afadhali tufupishe nyimbo kuliko hatua hiyo.

Wapo wanaodhani haki ni siasa iliyoingizwa kanisani juzi. Sinodi ya Maaskofu ya mwaka 1971 ilifundisha kwamba kutenda kwa ajili ya haki ni sehemu ya kuhubiri Injili yenyewe. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo, walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele cha kichungaji katika miaka ya 1970, na ndugu zetu wa Kongo walikuwa wametangulia tangu 1961. Sinodi ya pili ya Afrika, mwaka 2009, iliitishwa mahususi kuhusu upatanisho, haki na amani.

Lakini sisi wa Uganda tuna mfano wa zamani zaidi. Mwaka 1882 wamisionari Wakatoliki wa shirika la White Fathers waliondoka Buganda, na hawakurudi hadi 1885. Kwa karibu miaka mitatu hapakuwa na padre. Walei ndio waliofundisha, wakabatiza waliokuwa wanakufa na kuwakusanya waamini majumbani, huko ikulu na hadi Mityana, alikoishi mfinyanzi Noe Mawaggali. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Yosefu Mukasa Balikuddembe, mhudumu wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Hannington, askofu wa Kianglikana, alipouawa Oktoba 1885, Balikuddembe alimweleza Kabaka waziwazi kwamba lile lilikuwa kosa. Tarehe 15 Novemba mwaka huohuo akauawa yeye. Mkatoliki wa kwanza kuuawa kwa ajili ya imani katika nchi hii alikuwa amemtetea mtu wa dhehebu jingine. Kila tarehe 3 Juni, tunapokwenda kuhiji Namugongo kuwakumbuka mashahidi wa Uganda, ningependa jambo hilo lihubiriwe zaidi.

Turudi kwa mjane wetu. Padre Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwaachia vijana wafanyakazi njia rahisi: ona, amua, tenda. Kuona kunahitaji kalamu. Jumuiya ichague wawili, mwanamke na mwanamume, waende kwa mjane mchana na kuuliza kwa utaratibu. Shamba lilipatikanaje: kwa kurithi, kwa kununua, au kwa kupewa na ukoo? Nani alishuhudia mimea ya mpaka ikipandwa? Ndoa ilikuwa ya kanisani au ya kimila, na nani alikuwepo mahari ilipotolewa? Watoto ni wangapi? Majibu yaandikwe, yawekewe tarehe, na mjane asomewe yote aseme kama ndivyo. Daftari hilo lina thamani kubwa, kwa sababu wazee wanaojua mipaka wanazeeka na kufa.

Ndipo tuamue, tukiwa na sheria mkononi. Marekebisho ya Sheria ya Urithi ya Uganda ya mwaka 2022 yanasema kwamba marehemu asiyeacha wosia, mali yake inagawanywa hivi: asilimia 75 kwa watoto, 20 kwa mke au mume aliyebaki, 4 kwa ndugu waliokuwa wakimtegemea, na 1 kwa mrithi wa kimila. Nyumba ya familia haiingii katika mgao huo. Mjane na watoto wanaendelea kuishi humo, na kuwafukuza ni kosa la jinai. Nimeona nyuso zikibadilika asilimia hizi zinaposomwa kwa sauti. Mashemeji wengi hawana roho mbaya. Wameambiwa tangu utotoni kwamba mrithi anachukua vyote, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha ile asilimia moja.

Kutenda kuanze kwa kuwaalika hao mashemeji, pamoja na mzee wa ukoo wanayemheshimu. Wakikataa, mjane asindikizwe kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, apate barua ya kuthibitisha kifo, kisha aende ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, au ya CAO, ofisa mtendaji mkuu wa wilaya, kabla hajatangulia mwingine kujiandikisha kuwa msimamizi. Ikiwa ugomvi ni wa mpaka wa ardhi ya kimila, kesi inaanzia mahakama ya LC2, ngazi inayofuata juu ya LC1. Wengi huishia LC1, wanashinda, halafu hukumu inatupwa mbele ya safari kwa sababu ilitolewa mahali pasipostahili.

Kazi hii ni ya wanajumuiya wenyewe. Paroko na katekista waombwe ushauri, na sisi wa ofisini tuitwe kufafanua sheria, lakini tatizo lichaguliwe na wanaoishi nalo. Mradi unaoletwa na mgeni hufa siku mgeni anapoondoka. Katika kumchagua mwakilishi wa haki na amani, msimtafute msemaji hodari. Mtafuteni anayetunza siri, na asiwe na cheo cha LC wala cha chama, maana siku moja atalazimika kuhoji wakubwa hao. Katika mikutano ya huku mpakani, ambako Mteso, Mjapadhola, Msamia na dereva wa lori kutoka Mombasa huelewana kwa Kiswahili, wanawake waanze kusema. Wakisubiri wazee wamalize, muda unakuwa umekwisha.

Mada nyingine iliyo karibu nasi ni mahari. Shirika la Mifumi la hapa Tororo lilipeleka kesi hadi Mahakama ya Juu, na Agosti 2015 mahakama hiyo ikaamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Bado kuna mabinti wanaovumilia kipigo kwa kuwa baba hana ng'ombe wa kurudisha. Jumuiya inaweza kumwambia baba huyo kwamba deni hilo halipo.

Yapo mambo ambayo jumuiya haina ruhusa ya kuyasuluhisha, na hapa naomba nisikike vizuri. Mtoto akinajisiwa, familia mbili zikakaa chini na kumalizana kwa mbuzi au shilingi, huo si upatanisho hata kama umefungwa kwa sala. Ni jinai, iende polisi, kwenye kitengo cha familia na watoto, au piga 116, namba ya bure ya kulinda watoto. Mtoto asiogeshwe, nguo zake zitunzwe kwenye mfuko wa karatasi, na afikishwe kituo cha afya haraka iwezekanavyo, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU lazima ianze ndani ya saa 72. Baada ya hapo kesi huahirishwa mara nyingi, mama anachoka, mashahidi wanaacha kuja, faili linafungwa. Jumuiya iliyopanga zamu za matanga ipange na zamu za mahakamani: wawili wakae na mama kila kesi inapotajwa, na mweka hazina atenge nauli ya mashahidi kutoka katika mchango wa kila wiki.