Mashine ya kupumulia peke yake si ICU (wodi ya wagonjwa mahututi)

Mwaka 2020, korona ilipopamba moto, nchi nyingi zilianza kuhesabu mashine zao za kupumulia. Tangu hapo watu wengi wamebaki na imani kwamba hospitali ikipata mashine za kutosha, tatizo la wagonjwa mahututi limekwisha. Sivyo.

Mashine haifanyi kazi bila muuguzi. Mgonjwa aliyewekewa mpira kooni hawezi kusema wala kukohoa vizuri: lazima makohozi yavutwe, dawa za usingizi zipimwe, ageuzwe asipate vidonda, na kengele ikilia mtu awe pale pale. Kwa kawaida muuguzi mmoja huhudumia mgonjwa mmoja, wakizidi wawili. Wiki ina saa 168. Kila muuguzi akifanya saa 40, kitanda kimoja kinadai wauguzi wanne na ushee, hapo hujahesabu likizo. Bajeti nyingi hukwama hapa, maana mashine huzinduliwa kwa kukata utepe, mishahara haina utepe.

Halafu oksijeni. Mtungi mkubwa hubeba takriban lita 7,000. Mgonjwa anayetumia lita 10 kwa dakika anaumaliza kabla saa 12 hazijapita. Na wengi wa waliolazwa kwa korona iliyowabana kifua walihitaji oksijeni ya puani au ya barakoa, si mashine. Hospitali ya wilaya yenye fedha kidogo ianze na kipimo cha oksijeni cha kidoleni, oksijeni ya uhakika na jenereta inayowaka umeme ukikatika. Mashine zifuate, pamoja na fundi na vipuri vyake.