Bamia za Kukaanga za Kusini mwa Marekani Hazichovywi Kwenye Rojo

Siku hizi kila bamia inayopita kwenye mafuta ya moto inapewa jina la bamia za Kusini mwa Marekani: zilizochovywa kwenye rojo la ngano na mayai, zilizopakwa chenga za mkate, hata zile za unga wa dengu na binzari. Maana yenyewe ni fupi. Ni bamia changa zilizokatwa vipande vya duara, zikavingirishwa kwenye unga mkavu wa mahindi wenye chumvi na pilipili manga, kisha zikakaangwa mpaka zikauke na kupata rangi ya dhahabu. Huliwa pembeni ya kuku, kambare au nyama, pamoja na kunde na mkate wa mahindi. Katika maelezo hayo yote, lisiloachwa ni hilo la unga kuwa mkavu.

Rojo ni unga uliokorogwa na maji, maziwa au mayai mpaka ukawa mzito kama uji. Likigusa mafuta linakaza na kuwa ganda moja lisilo na upenyo. Kwa kiazi hilo ni jambo jema, na bajia za viazi zinalitegemea. Bamia ina tabia nyingine. Ukiikata tu, vyumba vya mbegu vinaanza kutoa ute, na ute huo huongezeka unapokutana na maji na moto mdogo. Ndiyo maana mpishi wa mlenda hutia maji na magadi, kwani anautaka. Ndani ya ganda la rojo mvuke unakosa pa kutokea. Bamia inachemka humo badala ya kukaangika, na anayekula anakuta ugumu nje na utelezi ndani, halafu bamia inalaumiwa kwa kosa la rojo.

Unga wa mahindi unafanya kinyume chake. Hauna gluteni, kwa hiyo punje zake hazivutani na kuwa ngozi moja kama ngano. Zinakaa juu ya bamia punje kwa punje, mvuke unapita katikati, na kipande kinakauka hadi ndani. Chukua kipande kilichoiva vizuri ukitazame kwa karibu: unga umeshika sana kwenye nyuso mbili zilizokatwa, kwa sababu ute ndio gundi yake, lakini ukingoni kijani bado kinaonekana, na mbegu mbili tatu zimebadilika rangi na kuwa za kahawia. Bamia iliyofunikwa pande zote usiione kijani hata kidogo haikupikwa hivi.

Unga huo haukuingia jikoni kwa bahati. Bamia ilifika Amerika katika zama za biashara ya utumwa, pamoja na watu waliotolewa Afrika waliokuwa wakiijua na kuila makwao. Mahindi yalikuwa zao la wenyeji wa Amerika, na katika mashamba ya Kusini unga wake ndio uliokuwa posho ya kila wiki ya watumwa, pamoja na kipande cha nyama ya nguruwe ya chumvi. Ngano haikustawi vizuri kwenye joto na unyevu wa majimbo kama Mississippi, Alabama na Georgia, na unga wake ulikuwa ghali kwa mtu wa kawaida. Ukiondoa mahindi ukaweka ngano, unaondoa nusu ya historia ya chakula hiki, na ganda lake unaliharibu vilevile. Wenyewe wanakithamini: mwaka 1988 jimbo la Oklahoma, lililo ukingoni mwa Kusini, lilipotangaza mlo wake rasmi, bamia za kukaanga ziliwekwa kwenye orodha.

Kinachochanganya wengi ni kwamba ndani ya Kusini kwenyewe kuna njia mbili, na zote ni halali. Ya kwanza ni ya kikaango cha chuma kizito na mafuta machache, kina cha nusu sentimita hivi. Hakuna mtindi. Bamia zilizokatwa zinanyunyiziwa chumvi, zinaachwa dakika 10 mpaka ute utokeze kidogo, zinachanganywa na unga wa mahindi, kisha zinakaangwa kwa moto wa wastani dakika 12 hadi 15 na kugeuzwa mara chache. Unga mwingine unaanguka na kuwa chenga zilizoungua kidogo chini ya kikaango, na chenga hizo zinaliwa kwa hamu. Njia ya pili ni ya mafuta mengi, nayo ndiyo hutumia mtindi. Hapo ndipo kosa linapoingia: mtu anaona mtindi na unga katika orodha moja, anavikoroga pamoja, tayari ana rojo. Mtindi ni wa kulowanisha bamia tu. Hauingii kwenye unga.

Kwa njia hiyo ya pili, nusu kilo ya bamia inatosha watu wanne. Chagua zisizozidi urefu wa kidole cha kati. Jaribu kuvunja ncha: ikikatika kwa mlio, ni changa; ikipinda bila kukatika, imekomaa na nyuzi zake hazitalainika hata uikaange vipi. Zioshe zikiwa nzima, uzipanguse zikauke kabisa kabla kisu hakijazigusa, maana kuosha bamia iliyokwisha katwa ni kuuita ute. Kata vipande vya unene wa sentimita 1 hadi 1.5. Vikiwa vyembamba zaidi vinageuka maganda matupu. Vikiwa vinene, unga unaungua huku ndani kukiwa bado kubichi.

Changanya kikombe kimoja cha unga wa mahindi, robo kikombe cha ngano, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, nusu kijiko cha pilipili manga na robo kijiko cha pilipili kali ya unga. Ngano hiyo kidogo inasaidia unga wa mahindi kushika, na isizidi hapo. Unga unaofaa ni wenye chenga kidogo, ule ambao ukiusugua kwa vidole unakwaruza. Sembe iliyosagwa laini sana inatoa ganda laini, ila inakubalika ukikosa nyingine. Konflawa haifai kabisa, kwa kuwa ni wanga mtupu wa mahindi. Sukari haitiwi.

Mimina nusu kikombe cha mtindi juu ya bamia, ugeuze, uache dakika 5 hadi 10. Mtindi ukiwa mzito uupunguze kwa maji kidogo. Zitoe kwa kijiko cha matundu, uache mtindi uchuruzike, ndipo uzitie kwenye unga kwa mafungu na kuzirusharusha. Kisha, na hatua hii watu huiruka, zipepete kwenye chujio la waya ili unga usioshika uanguke. Unga unaobaki huru ukiingia karaini unazama, unaungua, na kufikia fungu la tatu mafuta yote yana uchungu.

Mafuta ya karanga au ya alizeti yanafaa, kina cha sentimita 2 hadi 3, joto la nyuzi 180 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, dondosha punje chache za unga: zikichemka papo hapo bila kuwa nyeusi, anza. Zikikaa kimya, subiri. Usijaze karai, vipande vikae safu moja na nafasi kati yao, kwa sababu bamia nyingi baridi kwa mara moja zinashusha joto, ganda linanyonya mafuta na unga unabanduka. Ziache dakika moja kabla ya kuzigusa, kisha zitenganishe taratibu. Dakika 3 hadi 4 zinatosha. Sikiliza: mlio wa kuchemka ukipungua, maji yamekwisha kutoka. Zipue kwenye waya, sio kwenye bakuli lenye kifuniko, na unyunyize chumvi ya mwisho zingali moto ili ishike. Ukizirundika au kuzifunika, mvuke wake wenyewe unazilainisha ndani ya dakika chache.

Usivingirishe bamia zote kwenye unga mapema ukaziacha zikusubiri. Ute unaendelea kutoka, unaulowanisha unga, na baada ya robo saa una tope lililoganda kwenye sahani. Yaani umefika kwenye rojo kwa njia ndefu. Vingirisha fungu moja, litie kwenye mafuta, ndipo uvingirishe linalofuata. Bamia za kugandishwa nazo zinafaa kwa njia hii, mradi zitoke kwenye friza moja kwa moja kwenda kwenye mtindi na unga bila kuyeyushwa.

Na aliyekwisha koroga rojo lake asilimwage. Atie bizari na kitunguu saumu, akaange bamia zake, azile kwa chatini ya ukwaju. Ni chakula kizuri chenye jina lake, bajia za bamia, na nyumba nyingi za pwani zinakijua. Za Kusini mwa Marekani azipike siku nyingine, mtindi bakuli moja na unga bakuli jingine.