Jeshi la 38 la China: dhana potofu ninazokutana nazo kila ninapofundisha Vita vya Korea

Kila ninapofundisha Vita vya Korea, kabla hata mada haijafika katikati, yuko mwanafunzi atakayenyoosha mkono na kusema kwamba Wachina waliwarudisha nyuma Wamarekani mwaka 1950 kwa wingi wao tu: kwamba walimimina watu mbele ya bunduki za rashasha hadi adui akaishiwa risasi. Wenzake hukubali kwa vichwa. Dhana hiyo imo kwenye filamu, imo kwenye mazungumzo ya vijiweni, na imo hata kwenye maandishi ya watu waliopaswa kujua zaidi, nami nimechoka kuisikia. Nitaijibu kwa kulitazama Jeshi la 38, kwa kuwa habari zake zinajulikana vizuri, na kwa kuwa ndilo lililofanya kazi ambayo mawimbi ya watu yasingeweza kuifanya hata siku moja.

Nianze na muundo, maana asiyejua muundo hukosea hesabu zote zinazofuata. Jeshi la 38 halikuwa jeshi la taifa zima, bali fomesheni moja iliyo juu ya divisheni, chini ya kamanda Liang Xingchu. Lilipoingia Korea Oktoba 1950, likiwa miongoni mwa majeshi manne ya kwanza kuvuka Mto Yalu, mpaka wa China na Korea, pamoja na ya 39, 40 na 42, lilikuwa na divisheni tatu: ya 112, ya 113 na ya 114. Kila divisheni ilikuwa na rejimenti tatu, kuanzia ya 334 hadi ya 342, na kwa kukadiria divisheni moja ilikuwa na askari wapatao 10,000. Chini kabisa, seksheni iligawanywa katika vikundi vya watu watatu watatu, na vikundi hivyo vilifundishwa kusonga vikiwa vimeachana, kimoja kikifyatua risasi huku kingine kikisogea. Mfumo huo ulibuniwa makusudi ili mzinga mmoja au rashasha moja isiue watu wengi kwa mpigo, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha kurundika watu.

Sasa tufuate walichokifanya. Usiku wa Novemba 25, 1950 majeshi ya China yalishambulia mstari wa Mto Chongchon, lakini pigo kubwa halikuelekezwa kwa Wamarekani waliokuwa na vifaru na mizinga mingi. Lilielekezwa ubavuni upande wa mashariki, ambako Kori ya Pili ya Korea Kusini, yaani fomesheni ya divisheni kadhaa, ilishika eneo la milima karibu na Tokchon. Jeshi la 38 lilipenya usiku kati ya vikosi, likatokea nyuma yao, likafunga barabara, na katika siku moja hivi Tokchon ikaanguka na kori hiyo ikasambaratika. Hapo ndipo Divisheni ya 113 ilipopewa amri ya kwenda kukata njia ya kurudi ya Wamarekani huko Samso-ri. Kwa mujibu wa kumbukumbu za Kichina, ilitembea kilometa 72 hivi kwa saa 14, katika milima na baridi kali, wakati askari wake walikuwa wametoka vitani bila kulala. Walizima redio ili wasisikike. Kulipokucha na ndege za Marekani zikaanza kupita juu yao, walivua matawi na vifuniko vya kujificha, wakaendelea kutembea barabarani waziwazi, na marubani wakawadhania kuwa ni askari wa Korea Kusini wanaorudi nyuma. Walifika Samso-ri asubuhi ya Novemba 28, muda mfupi tu kabla ya vikosi vya adui.

Kuanzia hapo, kwa siku kadhaa, askari hao wa miguu wenye silaha nyepesi walikaa vilimani wakijihami, wakipigwa kutoka kaskazini na waliotaka kutoka na kutoka kusini na waliokuja kuwaokoa. Novemba 30 Divisheni ya Pili ya Marekani ilijaribu kupita katika barabara ya kutoka Kunu-ri kwenda Sunchon, ikajikuta chini ya risasi kutoka pande zote mbili za bonde kwa mwendo wa kilometa nyingi, malori yakiziba njia na watu wakiuawa kando yake. Katika siku zile za mwisho wa Novemba divisheni hiyo ilipoteza takriban theluthi moja ya watu wake. Nani alikuwa akikimbilia risasi katika barabara ile? Hawakuwa Wachina.

Ndiyo maana huwaambia wanafunzi wangu, na nitaendelea kuwaambia hata wakinichoka: kabla hujasoma simulizi yoyote ya mapigano haya, tafuta ramani yenye mistari ya mwinuko, weka kidole Tokchon, kisha ukipeleke polepole hadi Samso-ri na barabara ya Sunchon. Atakayefanya hivyo kwa dakika chache ataona kwamba suala lilikuwa nani atafika mapema kwenye njia nyembamba, na kwamba idadi ya watu ilikuja baadaye sana katika hesabu.

Wapo watakaosema kwamba askari wa Marekani wenyewe waliyaona mawimbi, nami sidai kwamba walisema uongo. Mashambulizi yalikuja usiku, yakitanguliwa na sauti za tarumbeta na filimbi kutoka pande zote, kwa sababu redio za Wachina ziliishia ngazi ya rejimenti na kombania haikuwa na njia nyingine ya kuitana. Kikundi kimoja kilipozuiwa, kingine kilifuata kwenye pengo lilelile hadi papatikane pa kupenya, na kwa mtu aliye shimoni gizani hayo yote yalionekana kuwa umati usio na mwisho. Aidha, ni kweli kwamba katika baadhi ya mapigano, hasa ya Kundi la Tisa la Majeshi kwenye Bwawa la Chosin, makamanda wa chini walirudia shambulio lilelile mahali palepale hadi kombania zao zikamalizika. Huko kulikuwa kushindwa kwa mawasiliano na lishe, askari wakiganda kwa baridi. Kulichukua kosa hilo na kulifanya ndiyo mbinu yenyewe ni uvivu wa kufikiri, na ulipata nguvu kwa sababu kushindwa na umati kunaumiza kidogo kuliko kushindwa na kamanda aliyekuzidi mbinu.

Dhana nyingine nitazipitia kwa haraka.

Husemwa kwamba Jeshi la 38 halikuwahi kushindwa kazi, na hapo hutajwa simu ya maandishi ya Peng Dehuai, kamanda mkuu wa majeshi ya China huko Korea, ya Desemba 1, 1950, iliyomalizika kwa maneno ya kulitakia jeshi hilo maisha marefu. Simu hiyo ni ya kweli. Ila wanaoitaja husahau kwamba wiki chache kabla yake, katika kikao cha Novemba 13, Peng huyohuyo alimkaripia Liang Xingchu vikali mbele ya makamanda wenzake, kwa sababu katika shambulio la kwanza jeshi lake lilichelewa Huichon kwa taarifa isiyo sahihi kwamba kulikuwa na rejimenti ya Wamarekani, na adui akaponyoka. Kasi ya kwenda Samso-ri haieleweki bila karipio hilo. Na mwanzoni mwa mwaka 1951 jeshi hilohilo lilipata hasara kubwa likijihami kusini mwa Mto Han kwa chakula kidogo na risasi za kuhesabu.

Wengine huamini kwamba Jeshi la Kujitolea la Watu wa China, jina la majeshi yote ya China yaliyopigana Korea, liliundwa na raia walioamua kwenda wenyewe. Jeshi la 38 lilipelekwa zima, pamoja na makamanda wake na namba zake. Jina la kujitolea lilichaguliwa ili China isionekane kuitangazia Marekani vita.

Namba 38 nayo huwapotosha watu, wakadhani ni jeshi la thelathini na nane kuanzishwa. Novemba 1948 namba ziligawiwa kwa mafungu kulingana na kanda, na fungu la kaskazini mashariki lilianzia 38. Kwa hiyo Safu ya Kwanza ya huko (safu ndilo jina la zamani la fomesheni hizo), ambayo mizizi yake mikubwa ni askari wa Shandong waliopelekwa Manchuria, yaani kaskazini mashariki, mwishoni mwa mwaka 1945, ikawa Jeshi la 38, Safu ya Pili ikawa la 39, na kuendelea. Divisheni nazo zilihesabiwa tatu kwa kila jeshi, na rejimenti tatu kwa kila divisheni: ukipanga hivyo, Jeshi la 38 huangukia divisheni ya 112 hadi ya 114. Anayeijua kanuni hii huweza kutambua rejimenti ya 335 ni ya nani bila kufungua kitabu.

Kuhusu mwaka 1989, wanajeshi walipotumwa Beijing kuzima maandamano ya Uwanja wa Tiananmen, nimesikia ikisemwa kwamba Jeshi la 38 lilikataa kuingia Beijing. Aliyekataa ni kamanda wake, Xu Qinxian, aliyevuliwa madaraka, akashtakiwa katika mahakama ya kijeshi na kufungwa miaka 5. Jeshi lenyewe lilipewa uongozi mwingine, likaingia mjini usiku wa kuamkia Juni 4.

Mwisho ni dai kwamba jeshi hilo lilivunjwa mwaka 2017. Mwaka huo makundi ya jeshi la nchi kavu yalipunguzwa kutoka 18 hadi 13 na yote yakapewa namba mpya, kuanzia 71 hadi 83. Mrithi wa Jeshi la 38 ni Kundi la Jeshi la 82, ambalo makao yake yako Baoding, mkoani Hebei, kama yalivyokuwa ya mtangulizi wake. Muundo ndio uliobadilika: divisheni zimeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na brigedi zinazochanganya vifaru, askari wa miguu na mizinga chini ya kamanda mmoja, kwa hiyo atakayeitafuta Divisheni ya 113 kwa jina hilo katika orodha ya sasa hataipata.