Chanjo moja ya mifugo na binadamu dhidi ya homa ya Bonde la Ufa

Wafugaji wengi tukikaa nao swali ni hilohilo, kama homa ya Bonde la Ufa imejulikana toka 1931 kule karibu na ziwa Naivasha, kwanini mpaka leo binadamu hana chanjo iliyoidhinishwa? Wana haki ya kuuliza, na jibu linaanzia kwa mnyama mwenye mimba.

Kirusi kinaenezwa na mbu. Kuna mbu aina ya Aedes wanaotaga kwenye mabonde yanayokauka, mayai yanakaa ardhini hata miaka na kirusi kikiwa humohumo ndani, zikija mvua za Elnino maji yakatuama wanatoka mbu wengi kwa mpigo, na baadhi tayari wana kirusi. Hapo ndo unasikia kundi zima la kondoo limetupa mimba na wana-kondoo wanakufa. Sisi binadamu mbu anatuambukiza pia, ila wengi wanaipata kwa kugusa damu na majimaji ya mnyama anayeumwa, kwenye kuchinja, kuzalisha au kushika mimba iliyotupwa kwa mikono mitupu. Kwahiyo ukimchanja mnyama mapema umemkinga na anayemchinja na anayemzalisha.

Chanjo za mifugo zipo na sio mpya. Inayotumika sana ni Smithburn, kirusi chake kilitolewa kwenye mbu wa Uganda mwaka 1944 kikapunguzwa makali kwa kupitishwa mara nyingi kwenye ubongo wa panya. Dozi moja inakinga muda mrefu, lakini mnyama mwenye mimba inaweza kumfanya aitupe au azae kitoto chenye kilema, sasa mfugaji anayekataa kuchanja kwa kuogopa hasara ileile anayoikimbia mimi siwezi kumlaumu. Ile ya kirusi kilichouawa ni salama zaidi kwa wenye mimba ila inataka kurudiwa, na kuwapata wanyama walewale mara ya pili kwa watu wanaohama kufuata malisho ni kazi kwelikweli. Ikaja Clone 13, iliyotokana na kirusi cha mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 1974 ambacho chenyewe kilishapoteza sehemu kubwa ya jeni ya NSs, yaani ile kinayotumia kuzima king'ora cha kinga ya mwili. Afrika Kusini waliisajili 2010, ila baadae ikaonekana kondoo akipewa dozi kubwa mimba ikiwa changa, kirusi cha chanjo kinaweza kuvuka mpaka kwa kitoto tumboni.

Ndo maana mimi naipa uzito chanjo mpya ya ChAdOx1 RVF (RVF ni kifupi cha jina la homa hii kwa Kiingereza). Hii wamechukua adenovirusi ya sokwe, yaani aina ya kirusi cha mafua, wakaikata uwezo wa kuzaliana, wakaipachika jeni za protini mbili za juu ya kirusi cha Bonde la Ufa, Gn na Gc, basi mwili unajifunza kuzitambua bila kukutana na kirusi chenyewe. Ni teknolojia ileile ya chanjo ya korona ya Oxford-AstraZeneca. Mkenya George Warimwe na wenzake wa Oxford na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kule Kilifi waliijaribu na dozi moja ikakinga kondoo, mbuzi na ng'ombe, na hata kondoo na mbuzi wenye mimba. Mwaka 2021 ikaanza kujaribiwa kwa watu 15 waliojitolea Uingereza, hawakupata madhara makubwa na kingamwili zikatokea.

Kilichobaki ni kigumu zaidi, kuthibitisha kama inazuia watu kuugua. Milipuko mikubwa inapishana miaka mingi, unaweza kuandaa wataalamu na watu wa kujitolea alafu mvua isije, na kiwanda nacho hakipendi kutengeneza kitu ambacho kitakaa stoo mpaka muda wake uishe. Kusubiri mlipuko uanze ndo uchanje mifugo ni hatari zaidi, kwasababu sindano moja ikizunguka kundi zima inahamisha kirusi toka kwa mnyama anayeumwa kwenda kwa mzima. Mwaka 2006 wanasayansi walitumia setilaiti, wakaangalia joto la bahari na uoto wa nchi kavu, wakatoa tahadhari wiki kadhaa kabla wagonjwa hawajaonekana Afrika Mashariki, muda ambao unatosha kusambaza chanjo iliyopo tayari lakini hautoshi kuitengeneza. Chanjo ikiwa moja kwa mifugo na watu, kiwanda kimoja kinaweza kuuza ya mifugo kila mwaka, na ya binadamu ikatengenezwa mapema kwenye mtambo uleule, iwe tayari tahadhari inapotolewa.