Kopo linalojipasha moto: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaorudi kutoka Guangzhou huja na mabakuli ya tambi yasiyohitaji jiko. Unamimina maji baridi sehemu ya chini, unafunika, na baada ya dakika kadhaa mvuke unafuka na mchuzi unachemka. Video zake zinazunguka kwenye magrupu, na kila ikitumwa moja, maelezo hayakawii: ni teknolojia ya wanaanga, ni dawa inayochanganywa na chakula, ni siri ya jeshi iliyovuja. Hilo la jeshi lina chembe ya ukweli, na historia yake nataka isimuliwe vizuri, kwa sababu inagusa tatizo lililowaua watu wengi hapa hapa kwetu.

"Ni uvumbuzi wa juzi"

Joto la bakuli lile linatokana na kitu ambacho mwashi yeyote mzee wa pwani anakifahamu. Matumbawe yakichomwa juu ya magogo hugeuka chokaa kavu, na chokaa hiyo ikionja maji kwa mara ya kwanza hufoka, hupasuka vipande na kutoa mvuke wa kuunguza. Nyumba za mawe za Kilwa na Unguja zilijengwa kwa chokaa iliyopitia hatua hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 tayari Ulaya yaliuzwa makopo yenye kuta mbili: ndani chakula, pembeni chokaa na maji vikiwa vimetenganishwa. Msafiri au mpanda milima alitoboa kizuizi, maji yakaifikia chokaa, naye akasubiri. Mabakuli ya sasa huongezewa unga wa alumini ili joto lizidi, lakini msingi ni ule ule.

Dawa haichanganywi na chakula popote katika mpango huo. Kama maji ya chokaa yameingia kwenye chakula, chombo kimepasuka, na kilichomo hakiliwi.

"Chakula kinapikwa humo humo"

Chakula cha kopo cha jeshi kimeshaiva kabla hakijamfikia askari. Mfaransa Nicolas Appert alipewa faranga 12,000 na serikali yake mwaka 1810 kwa kuonyesha kwamba chakula kilichofungwa ndani ya chupa ya kioo na kuchemshwa hukaa muda mrefu bila kuoza. Mwaka huo huo Peter Durand alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya chombo cha bati huko Uingereza, na kufikia 1813 kiwanda cha Bermondsey, London, kilikuwa kinatengeneza makopo kwa ajili ya wanajeshi. Kwa nini njia hiyo ilifanya kazi, Appert mwenyewe hakujua. Elimu ya vijidudu ilikuja na Louis Pasteur, miongo mitano baadaye.

Leo nyama ya kopo hupikwa kwenye mitungi ya mgandamizo kwa joto la nyuzi 121 hivi. Wakazi wa Kawe wanaopita viwanja vya Tanganyika Packers wanapita palipokuwa na kiwanda cha nyama ya kopo iliyouzwa hadi nje ya nchi, na kazi yake ilikuwa hiyo: kupika, kufunga, kuua vijidudu. Baada ya hapo kilichomo kinaweza kuliwa kikiwa baridi. Kopo linalojipasha linafanya kazi ya mwisho tu, ile unayoifanya asubuhi unapopasha kiporo.

"Basi joto lenyewe ni anasa"

Hapa ndipo ninapotofautiana zaidi na wasimuliaji wa mitandaoni, na ndipo historia inaposema kwa sauti kubwa.

Katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza waliiteka Dar es Salaam Septemba 1916. Jina la Kariakoo limetoka kwa kikosi chao cha wapagazi, ambacho kambi yake ilikuwa pale penye soko. Wapagazi hao walibeba mizigo ya jeshi kuelekea kusini, kwenye mabonde ya Rufiji na Ruvuma, ambako hapakuwa na reli, na magari yalikwama kwenye matope. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao waliuawa na maradhi kuliko risasi. Kuhara damu kulikuwa kati ya wauaji wakubwa, na chakula kilichangia: unga wa mahindi uliosagwa vibaya, ukapikwa nusunusu, ukaliwa na watu ambao baadhi yao hawakuuzoea.

Kwa nini ulipikwa nusunusu? Fikiria mtu aliyebeba mzigo tangu alfajiri, mvua ya masika inanyesha, kuni zimelowa, chungu kimoja kwa watu wengi, na kesho ni safari tena. Ugali unahitaji maji yaliyochemka sawasawa na moto unaodumu. Yeye hana nguvu ya kutafuta kuni kavu, na mara nyingine hazipo kabisa. Anakula kilichopo. Posho inaweza kuwa imefika kambini, imepimwa na kugawiwa, na bado ikamdhuru kwa sababu haukupatikana moto wa kuiivisha.

Mpagazi yule hakupewa kopo la kujipasha, wala lisingemtosha hata angelipewa. Lakini hali yake inaeleza ni kwa nini majeshi yalihangaika kwa miongo mingi kutafuta joto lisilohitaji kuni. Askari anayekula baridi siku baada ya siku huanza kuacha chakula chake, hudhoofika na huvunjika moyo. Na moto mbele ya adui una hatari yake: moshi huonekana mchana, mwanga huonekana usiku.

"Katika Vita ya Pili ya Dunia kila askari alikuwa na kopo hilo"

Wachache tu. Kopo linalojulikana zaidi la vita hiyo lilitengenezwa Uingereza na kampuni ya Heinz pamoja na kampuni ya kemikali ya ICI. Lilikuwa kopo la supu au kakao lenye bomba jembamba lililopita katikati, na ndani ya bomba mlikuwa na kemikali ya kuungua yenye utambi. Askari alitoboa matundu mawili kwenye kifuniko, akagusisha sigara inayowaka kwenye utambi, na baada ya dakika nne au tano alikuwa na supu ya moto. Aliyesahau kutoboa matundu alijitengenezea kibomu cha supu, kwa kuwa mvuke ulikosa pa kutokea.

Makopo hayo yaliwafaa hasa watu waliokwama mahali pasipowezekana kuwasha jiko, kama wale waliovuka bahari kwa mashua za kuteremshia askari kwenda Normandy, pwani ya Ufaransa, Juni 1944, wamelowa, wana kichefuchefu. Kwa siku za kawaida Waingereza waliendelea kutumia majiko, na Wamarekani walikuwa na makopo ya kawaida waliyoyaweka juu ya injini ya gari, wakayachemsha ndani ya kofia ya chuma, au wakayala yalivyo. Wajerumani walikuwa na jiko dogo la kukunja lenye vidonge vya kuungua, lililobuniwa mwaka 1936, na wazo hilo limedumu kuliko kopo la Heinz. Sababu inaeleweka: kopo la kujipasha ni ghali, ni zito, na nafasi ya chakula inaliwa na bomba.

"Jeshi la Marekani bado lina makopo ya namna hiyo"

Kopo lenyewe limeondoka. Tangu mwaka 1981 askari wa Marekani walianza kupokea MRE, yaani mlo ulioiva ndani ya mfuko laini, na tangu miaka ya 1990 kila pakiti huja na mfuko mwingine wa kupashia. Humo mna unga wa magnesi, metali nyepesi, uliochanganywa na chuma kidogo na chumvi. Askari huingiza mfuko wa chakula, humimina maji kidogo, kisha huulaza kwa kuuinamisha; maelekezo yaliyochapishwa juu yake yanasema uegemezwe kwenye "jiwe au kitu fulani", maneno ambayo wanajeshi wameyapenda hadi yamekuwa msemo wao. Kwa dakika 12 hivi gramu 227 za chakula hupanda joto kwa nyuzi 56.

Kwa nini magnesi na si chokaa? Kwa sababu ya mgongo wa mbebaji. Gramu moja ya chokaa ikizimwa kwa maji hutoa joto la kilojuli (kipimo cha nishati) moja na ushei. Gramu moja ya magnesi hutoa zaidi ya kilojuli 14. Chuma na chumvi vimewekwa ili kuharakisha mambo, maana magnesi ikiachwa peke yake na maji baridi hujifunika utando na kulala. Maji nayo ni ya askari mwenyewe, kwa hiyo hakuna uzito wa maji unaobebwa ndani ya pakiti. Mtu anayetembea na milo ya siku tatu anaiona tofauti hiyo begani.

"Haina moto, kwa hiyo haina hatari"

Magnesi inapokutana na maji hutoa haidrojeni, gesi inayoshika moto kwa cheche ndogo. Ndiyo maana askari huonywa wasiitumie karibu na moto wala kupasha pakiti nyingi kwa pamoja mahali pasipo na hewa. Mabakuli yenye unga wa alumini na chokaa hutoa gesi hiyo hiyo. Mashirika ya ndege huyakataa, basi ukiyanunua Guangzhou usiyafiche kwenye sanduku ukidhani utapita nayo salama hadi uwanja wa Julius Nyerere. Nyumbani, weka bakuli mezani dirisha likiwa wazi, usizibe tundu la mvuke, usilifungie ndani ya gari, na lisiachwe karibu na mtoto. Mvuke wake unaunguza sawa na wa birika.

"Likishajipasha, vijidudu vyote vimekufa"

Hii ndiyo dhana inayoweza kuua. Kopo au mfuko uliovimba, unaovuja au uliobonyea kwenye mshono unaweza kuwa na sumu ya botulizimu. Sumu hiyo huharibiwa kwa kuchemsha chakula chote kwa dakika kadhaa, na mbegu za kijidudu chake huhitaji joto la kiwandani. Mfuko wa magnesi haukuundwa kufika huko, na chokaa ya bakuli hupoa mapema. Kopo la namna hiyo litupe bila kulifungua na bila kuonja.