Deni la kadi ya mwenzi wako ni la nani?
Wengi huamini kwamba ukishafunga ndoa, deni la kadi ya mkopo la mwenzako ni lako pia. Kwa kawaida, anayedaiwa ni aliyesaini mkataba na benki. Kupewa kadi ya ziada yenye jina lako mara nyingi hakukufanyi mdaiwa. Kusaini kama mwombaji mwenza au mdhamini kunakufanya. Sheria za mali ya ndoa nazo zina neno: Marekani ina majimbo 9, California ikiwemo, ambako deni lililochukuliwa ndani ya ndoa huweza kuwaangukia wote wawili. Mdai akikupigia simu (na wengine hubembeleza kweli), usiahidi chochote. Omba nakala ya mkataba, utazame sahihi ni ya nani.