Je, wajua ni kwa nini maktaba, nyumba ya kimya, huwakutanisha watu wa Moshi?

Watu wa Moshi hawakosi mahali pa kukutania: wanakutana sokoni, kanisani, msikitini, misibani, na kwenye vikao vya harusi na vya ukoo. Lakini kila mojawapo ya mahali hapo mtu huenda kwa kuwa anahusika, ama kwa imani, ama kwa damu, ama kwa mchango, ama kwa fedha iliyomo mfukoni. Maktaba ya mkoa iliyopo mjini humuuliza mgeni jambo moja tu, yaani anataka kusoma nini, kisha humtaka anyamaze. Inawezekanaje basi nyumba inayokataza maongezi ikawaunganisha watu?

Sehemu ya jibu imo katika mpangilio wa vitabu, jambo ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulitazama. Maktaba zetu za umma hufuata mfumo wa Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza na Mmarekani Melvil Dewey mwaka 1876, ambao huyagawa maarifa katika makundi makuu 10 na kukipa kila kitabu namba kulingana na mada yake. Kahawa imepewa 633.73 na ndizi 634.772, kwa hiyo vitabu vya mazao hayo mawili hukaa jirani katika rafu za kilimo, kama vile mibuni inavyokaa chini ya migomba katika kihamba cha Mchagga, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. (Sidhani kama Dewey aliwahi kusikia habari za kihamba, lakini hapo alipatia.) Kwa kuwa mada ndiyo inayopanga, umri na cheo havina nafasi: mkulima aliyeshuka kutoka Kibosho akisumbuliwa na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, mwanafunzi mwenye zoezi la somo la kilimo na kijana anayetaka kuanza biashara ya miche hujikuta wamesimama mbele ya rafu ileile. Shikamoo hutolewa hata kwa kunong'ona. Mkulima akishaona kwamba kijana ameshika kitabu anachokitafuta yeye, hufuata ombi la kuachiwa akimaliza, na maongezi yaliyozuiwa ndani huendelea nje ya mlango kwa sauti ya kawaida.

Mahali pengine pa kutazama ni meza ya kusomea. Asubuhi hukaliwa na wastaafu wanaofuata magazeti, ambapo nakala moja ya Mwananchi au HabariLeo husomwa na watu wengi kwa zamu, na anayeikalia muda mrefu husikia mwenzake akikohoa kwa makusudi. Mchana meza hiyohiyo huwa ya wanafunzi wanaotoka Majengo, Pasua au Njoro, wengi wao wakiwa wameacha nyumbani chumba kimoja chenye watoto, redio na wageni. Kwa maoni yangu hapa ndipo maktaba inapofanya kazi yake kubwa kuliko zote, kwa sababu miongoni mwao huketi pia watahiniwa wa kujitegemea, watu wazima wanaorudia masomo au kujiandaa kwa mtihani wa maarifa, ule unaomruhusu aliyeacha shule kufanya mtihani wa kidato cha nne. Mtu aliyeacha shule miaka mingi iliyopita huona haya kurudi darasani, ilhali mezani hapo hakuna anayemuuliza alipata daraja gani, na binti mwenye sare anaweza kumwelekeza swali la hisabati bila yeyote kuonekana mwalimu wala mjinga. Mtihani wa kidato cha nne unapokaribia mwezi Novemba, viti huwa haba na watu hushikiana nafasi.

Kuhusu chanzo cha huduma hii, Bunge lilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam mwaka 1967. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, haja ya maktaba ilizidi kuonekana, maana aliyejifunza kusoma asipopata cha kusoma husahau.

Mwaka huohuo wa 1963 ndipo Chuo cha Ushirika kilipoanzishwa Moshi, katika mji ambao wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933. Miaka hiyo kugongana ni bahati tu, ila ushirika ndio mfano unaoieleza maktaba vizuri zaidi kwa mtu wa hapa. Mkulima mmoja hawezi kumiliki kiwanda cha kukoboa kahawa, na familia moja haiwezi kununua kila kitabu inachokihitaji. Kitabu kinachoazimwa kwa wiki mbili mbili bila kupumzika kinaweza kupita katika nyumba 26 kwa mwaka mmoja, nyumba za watu ambao pengine hawatafahamiana kamwe. Katika vitabu vya zamani alama zao bado zipo: karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada, yenye mihuri ya tarehe za kurudisha iliyopangana kwenda chini, na pembeni mwa kurasa majibu yaliyoandikwa kwa penseli na mtu mmoja kisha kusahihishwa na mwingine. Ndiyo maana mkutubi huwa mkali kwa anayechelewesha: anajua kwamba kuna mtu wa zamu inayofuata, ambaye huenda amekwisha kuja mara mbili na kukuta nafasi ya kitabu ikiwa tupu kwenye rafu.